Taa Namba Ishirini na Saba

Kila nikirudi kutoka shuleni nilivua viatu mlangoni na kupita kiubavuubavu, maana sebule yetu ilijaa maboksi ya vipuri na mapambo ya magari: taa, vioo vya pembeni, mazulia, vifuniko vya usukani. Hatukuwa na bango wala kaunta. Duka letu lilikuwa ndani ya simu ya Mama, na wateja waliagiza wakiwa huko huko kwao.

Mama alizungumza na wateja. Mimi nilipiga picha za bidhaa na kuziweka kwenye ukurasa wa duka. Bibi, mama yake Mama, ndiye aliyefunga mizigo. Mteja akichagua picha, Mama alimwandikia Bibi namba iliyo chini yake, naye Bibi alitafuta boksi lenye namba hiyo na kukifunga kitu kwa magazeti taratibu, kama anamvalisha mtoto mchanga. Akimaliza alilipiga boksi makofi mawili. "Haya, nenda salama, usinitie aibu." Ukimcheka, alikwambia usubiri zamu yako ya kufungwa.

Jumamosi moja asubuhi tulisikia hodi. Alikuwa dereva wa gari la wanafunzi, amekumbatia boksi letu.

"Dada, nilichagua taa ya kulia," alisema kwa upole, "nimeletewa ya kushoto. Leo siku ya tatu gari limelala, na watoto kumi na wanne wamekuwa wakienda shule kwa miguu."

Mama aliona haya. "Samahani sana, kaka. Wewe ni wa pili mwezi huu." Akashusha sauti, lakini sebule yetu haikuwa na pa kuficha neno. "Mama yangu ndiye anayefunga. Umri umekwenda, macho hayamsaidii tena."

Dereva alitoa simu yake. "Niliyochagua ni hii hapa."

Nilichungulia. Picha ile niliipiga mimi. Taa ya namba ishirini na saba ilikuwa ya kushoto, lakini taa nyingine zote kwenye ukurasa zilitazama upande wa pili, nayo peke yake ikawageuzia wenzake kisogo kama mtundu kwenye mstari wa shule. Nikaona inaharibu mpangilio. Nikaigeuza picha kwenye simu, zote zikatazama upande mmoja, na Mama akanisifu kwa kazi safi. Chini yake niliandika aina ya gari na namba tu. Sikufikiria kwamba taa ya kushoto sasa ilionekana ya kulia.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Mama alimpa dereva taa ya kulia, naye akashukuru, akaondoka.

"Mama, pumzika sasa," Mama akamwambia Bibi. "Nitafunga mwenyewe."

Bibi hakubisha. Aliweka mkasi wake mezani. "Sawa, mwanangu. Nisije nikakuharibia kazi." Kisha akaenda kukaa uani.

Mchana nilimpelekea chai. Nilimkuta ameshika kikaratasi cha namba, anakisogeza mbali, anakirudisha karibu.

"Hebu nisomee, mjukuu wangu. Hii ni saba au moja?"

"Saba, Bibi."

"Hata mimi naona saba," alisema polepole. "Sasa nilikosea wapi?"

Machozi yalinitoka kabla ya maneno. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifuta uso kwa kiganja chake.

"Twende kwa mama yako. Mimi nitasimama karibu, ila utasema mwenyewe."

Mama alikuwa akipigana na gundi ya karatasi iliyomnasa vidole vyote. Nilisema haraka haraka, nisije nikaishiwa ujasiri: "Bibi hakukosea. Alifuata namba. Mimi ndiye niliyeigeuza picha."

Mama aliitoa ile taa iliyorudishwa, akailinganisha na picha. Akakaa chini.

"Mama, nisamehe," alimwambia Bibi. "Hata kukuuliza sikukuuliza."

"Nimeshakusamehe. Lakini hiyo gundi niachie mimi, unaitesa."

Tulicheka, Mama huku akijifuta macho. Kisha akanivuta karibu.

"Mteja wetu hawezi kuishika taa wala kuijaribu," alisema. "Ana picha tu, na anatuamini. Ukiigeuza ili ipendeze, umemdanganya hata kama hukukusudia. Lakini lililoniumiza zaidi ni kwamba ulinyamaza wakati bibi yako anabeba kosa lako. Siku nyingine ukikosea, sema hapo hapo, hata kama unatetemeka."

"Nitasema, Mama."

Alasiri ile nilipiga upya picha za taa zote na kuandika kulia au kushoto chini ya kila moja. Mama alimpigia yule mteja wa kwanza, ambaye naye alichagua picha hiyo hiyo, kumwomba radhi, na Bibi akamfungia taa yake kwa mikono yake mwenyewe. Aliligonga boksi mara mbili, akanigeukia.

"Sasa nipige na mimi. Kidoti changu kiko shavu la kushoto. Kikihamia kulia, nakufunga kwenye boksi!"

Nilimpiga picha jinsi alivyo, mkasi mkononi, miwani puani, kidoti mahali pake. Mama aliiweka juu kabisa ya ukurasa wa duka letu, na mpaka leo hatujaiondoa.