Pumzi Ndani ya Tanuru

Tanuru lilikuwa halijawashwa hata mara moja, lakini asubuhi ile Kisimba, fundi wa mabomba, alipoweka kiganja kwenye ukuta wake alikiondoa haraka, akakipuliza. Ukuta ulikuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa.

"Tata Kabongo," aliita kwa sauti ya chini, "kuya uguse hapa. Ni nani aliwasha moto?"

Tharcisse Kabongo hakugusa. Alisema ni jua linalopiga bati la banda, akarudi ofisini kwake upesi kuliko kawaida.

Hiyo ilikuwa Kolwezi, miaka michache kabla ya uhuru. Wataalamu wa nchi tatu, Ubelgiji, Amerika na Uswidi, walikuwa wamekusanywa wabuni tanuru la umeme la kuyeyushia kobalti kwa njia mpya. Kwa jina, mkubwa wa mradi alikuwa Bwana Delvigne, Mbelgiji. Aliyeuendesha siku kwa siku alikuwa Kabongo, karani mwenye asili ya Kasai, mwenye Kifaransa cha shule ya mapadri na Kiingereza alichokiokota Ndola. Malori, mikutano, vibarua, vyote vilipita mikononi mwake. Na Mswidi alipomtukana Mbelgiji, Kabongo aliyatafsiri matusi yakawa maombi.

Yeye ndiye aliyetafuta udongo pia. Kuta za ndani zilitaka udongo usiopasuka kwa moto, na ulikuwapo kwenye kilima kimoja upande wa Mutoshi, ambako wazee waliyeyusha shaba kabla ya reli kufika. Mlinzi wa kilima alikuwa Mama Mbuyu, binti wa myeyushaji wa mwisho.

"Chukua ya ku muto," alimwambia. "Ile ya chini ya tanuru ya baba, hapana. Baba yangu analala pale."

Kabongo alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaahidi.

Udongo wa mtoni ulipasuka ulipojaribiwa kwenye moto mdogo pembeni, na wakubwa kutoka Brussels walikuwa njiani kuja kutazama. Jumapili moja, Mama Mbuyu akiwa kanisani, Kabongo alipeleka lori kilimani. Wachimbaji walipotoa mfupa aliwaambia ni wa swala. Wakatazamana, wakaendelea, na kuta za ndani zikajengwa kwa udongo huo.

Baada ya ule ukuta kupata joto ikaja harufu: makaa ya miti, ngozi ya mbuzi, shaba inayochemka. Kisha ikaja sauti. Ilianza mchana, saa ya chakula, mashine zote zikiwa zimezimwa. Fuu... fuu... Ilikuwa mivukuto, vile viriba vya ngozi ambavyo wazee walipulizia moto, inapumua taratibu ndani ya tanuru tupu.

Bwana Ekberg, yule Mswidi, aliingiza kichwa kwenye mdomo wa tanuru asikilize. Alikitoa uso umekuwa mweupe kama chokaa. Kwa Kiingereza cha kunong'ona alimwambia Kabongo kwamba mle ndani mtu amemwuliza swali, tena kwa Kiswidi, kwa matamshi ya kijiji alichozaliwa.

"Ameuliza nini, Bwana?"

"Nani alikutuma?"

Delvigne alitaka kujua mwenzake anasema nini. Kabongo alimjibu kwa Kifaransa.

"Anasema kuna hewa inavuja kwenye bomba."

"Nani anashughulikia mabomba?"

Jibu lilikuwa moja tu, na Kabongo alilitoa: Kisimba, rafiki yake. Delvigne akasema mtu huyo bila shaka ni mlevi, aondoke kazini leo leo, na familia yake itoke kambini. Maneno hayo Kabongo aliyatafsiri sawasawa, hakupunguza hata moja.

"Tata Kabongo, unanijua," Kisimba alisema. "Mi sikunywaka hata pombe. Bambie."

"Nitasema nabo."

Hakusema nao. Kisimba aliingia bandani kuchukua koti lake, na hakutoka.

Kabongo alimfuata, na alipovuka kizingiti joto lilimpiga usoni ingawa hakuna moto uliowaka, na katika ule mwanga wa jua uliochujwa na matundu ya bati akamwona rafiki yake amechuchumaa mbele ya mdomo wa tanuru, mikono yake ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, kama mtu anayepuliza viriba ambavyo havipo, kifua chake kikivimba na kunywea kwa sauti ile ile, fuu, fuu, na tanuru likimwitikia, mpaka Kabongo akashindwa kujua ni nani kati ya wawili wale anayevuta pumzi na ni nani anayeitoa, ndipo Kisimba akageuza shingo polepole na kumwuliza, kwa sauti ya mzee na kwa Kiluba cha Kasai, lugha ya mama yake Kabongo ambayo Kisimba hakuijua kamwe:

"Nani alikutuma?"

Mama Mbuyu aliletwa kesho yake. Alimpaka Kisimba pemba, ule udongo mweupe wa matambiko, kwenye paji la uso, akaweka sikio kifuani pake, akainuka.

"Baba hataki mbuzi," alimwambia Kabongo. "Anataka mutu aseme: ni mi. Useme mbele ya batu bote. Na bazungu pia, mu luga yabo."

Wafanyakazi walikuwa wamejaa mlangoni, Delvigne na Ekberg kando yao. Kabongo aliwatazama wafanyakazi kwanza.

"Ni mi," alisema. "Nilimuahidi mama, nikavunja. Kisimba hana kosa."

Kisha akawageukia wazungu. Kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza, alisema kwamba udongo ulichukuliwa makaburini kwa bahati mbaya, bila mtu kujua, na kwamba vibarua hawatafanya kazi mpaka urudishwe. Jina lake hakulitaja, wala la Kisimba.

"Umesema?" Mama Mbuyu aliuliza.

"Nimesema, mama."

Yule mama alijifuta pemba mikononi. "Mi siisikiaka luga yabo," akasema. "Lakini baba anaisikia."

Kuta zilivunjwa, udongo ukarudishwa kilimani na kufukiwa. Lori la mwisho lilipomwagwa, Kisimba alilala usingizi. Alipoamka lile joto lilikuwa limemtoka mwilini, akaomba maji. Banda likanyamaza, na wakubwa wa Brussels wakakuta vifusi.

Lakini kwa wazungu Kisimba alibaki mlevi. Kazi hakurudishiwa. Alipanda treni ya Tenke na mkewe na watoto, vyungu vyao vimefungwa kwa kitenge. Kabongo alifika stesheni, akajificha nyuma ya behewa la mizigo mpaka treni ikapotea.

Jumamosi alikwenda kuungama. Alipiga magoti mbele ya kiwambo, akafanya ishara ya msalaba.

"Unibariki, Padri, kwa maana nimekosa."

Padri alitega sikio. Kisha akasogea karibu na kiwambo, akanong'ona:

"Mwanangu, maungamo ni ya mtu mmoja. Mwambie mwenzako asubiri nje."

"Niko peke yangu, Padri."

"Basi ni nani anayepumua hivyo?"

Kabongo akabana pumzi yake, akaibana kwa nguvu zake zote, mikono yote miwili mdomoni.

Fuu... fuu...

Haikukoma.