Mkebe wa Miaka Kumi

Kila siku baada ya shule, Linet alimsubiri mamake katika stoo ya vipuri kando ya kiwanja kidogo cha ndege, Homa Bay. Tangu wahamie kutoka Muhuru Bay, hakuwa na wa kuzungumza naye. Rafiki yake Adhiambo alibaki kule.

Mamake, Roseline, alitunza vipuri vya ndege tatu ndogo za kubeba wagonjwa. Jumatatu alimpa Linet mkebe wenye punje arobaini na tano za mahindi na maharagwe matano.

"Toa moja bila kuangalia, andika, rudisha, tikisa. Kila unachotoa ni wiki moja. Mahindi, wiki imepita salama. Haragwe, tairi limeharibika. Tairi jipya huchukua wiki tatu kufika kutoka Nairobi. Nataka kujua tuweke matairi mangapi hapa ili ndege isikwame. Nipe miaka kumi."

"Kumi, Mama?"

"Mara mia tano na ishirini. Ukimaliza Ijumaa, kesho yake tunaenda kwa Adhiambo."

Linet alitoa miaka miwili. Stoo ilikuwa kimya; mkebe tu ndio uliomjibu. Alhamisi aliusukuma kando, akajaza miaka minane kwa kalamu.

Ijumaa Roseline alisoma daftari akiwa amesimama, tayari kuagiza tairi moja. Kidole chake kikasimama.

"Mwanzoni maharagwe yanakuja ovyo. Kuanzia mwaka wa tatu, ni kila wiki ya kumi, kama kengele ya shule. Mkebe gani una adabu hivi?"

Linet alitazama viatu vyake. "Niliandika tu, Mama. Nilitaka kumwona Adhiambo. Hapa sina mtu."

Roseline alifungua ukurasa mpya wa daftari.

"Kesho hatuendi," alisema. Kisha akavuta kreti, akaketi karibu naye. Hakuwahi kuketi katika stoo hiyo. "Tikisa. Mimi naandika."

Mwaka wa nne, likatoka haragwe. Wiki iliyofuata, haragwe tena.

"Na tairi letu moja tumeshalitumia, jipya halijafika!" Linet alishtuka. "Ndege imekwama!"

"Imekwama mezani. Ingekwama kiwanjani na mgonjwa ndani, ungemwambia nini?"

Walimaliza Jumamosi jioni. Roseline akaagiza matairi mawili.

"Sikiliza, nyathina, mwanangu," alisema, akimshika mwanawe bega. "Kazi ya uongo ni mbaya kuliko kazi ambayo haijaisha, kwa sababu watu wataitegemea. Ukichoka, sema. Ukiwa mpweke, niambie mimi. Wiki ijayo tunaenda Muhuru Bay. Beba mkebe, Adhiambo naye atikise."