Bahasha ya Bi. Renfro

Kila asubuhi saa moja na nusu Yaretzi Covarrubias alitoka nyumbani na tortila mkononi, chapati nyembamba iliyokunjiwa maharage, akampitia rafiki yake Mai Vang nyumba ya tatu, kisha wote wawili wakakatiza kwenye geti dogo lililo nyuma ya bwawa la kuogelea. Dakika nne tu, wamefika shuleni. Walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hawakuwahi kuchelewa hata siku moja.

Mwezi wa pili geti lile likafungwa kwa mnyororo. Karatasi iliyobandikwa juu yake ilisema: "Kwa amri ya Kamati."

Mtaa wao, Almendra Park, uko pembeni mwa jiji la Fresno na una nyumba mia moja na kumi na mbili. Kila mwenye nyumba ni mwanachama wa chama cha mtaa, apende asipende, na chama kinaongozwa na kamati ya watu watano. Kamati ndiyo inayoamua ukuta upakwe rangi gani, bwawa lifunguliwe lini na geti lipi lifungwe. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Lyle Dockery, mwaka wa tisa sasa. Nyumba yake ilipakana na geti lile, na alisema amechoshwa na makelele ya watoto.

Basi watoto wakawa wanazunguka kwa barabara kuu, ambako malori ya lozi hupita kwa kasi na hakuna njia ya waenda kwa miguu. Wiki ya tatu, kioo cha pembeni cha pikapu iliyokuwa ikipita kilimgonga Mai begani. Akaangukia mtaroni, mguu ukavunjika mahali pawili. Yaretzi alikuwa hatua mbili nyuma yake, na aliusikia mfupa ukivunjika.

Jioni ya Jumanne iliyofuata, mama yake Yaretzi, Maricruz, aliyekuwa muuguzi wa wagonjwa wa figo, aliingia kwenye mkutano wa kamati akiwa bado na sare yake ya kazi. Yaretzi alimfuata.

"Mtoto amevunjika mguu," Mama alisema. "Fungueni geti."

"Suala hilo limeshafungwa, bibie," alijibu Bwana Dockery bila kuinua macho.

"Limefungwa na nani?"

"Na kamati. Kama hupendi, uchaguzi ni mwezi wa tano. Kiti changu kitakuwa wazi. Jaribu bahati yako!"

Watu wawili mezani wakacheka. Mama hakucheka. "Nitajaribu," alisema.

Kumbe uchaguzi wa Almendra Park ulikuwa uchaguzi wa jina tu. Kila mara karatasi za kura zilipelekwa nyumbani kwa Bwana Dockery, mkewe akazihesabia jikoni, na Bwana Dockery akashinda. Mama alipopeleka fomu yake, alirudishiwa na maneno mafupi: hafai kugombea kwa kuwa hajawahi kusaidia kazi yoyote ya kamati. Alipoomba ukumbi wa mtaa ili azungumze na majirani, akaambiwa ukumbi una shughuli. Kisha jarida la mtaa likatoka na picha kubwa ya Bwana Dockery ukurasa wa mbele, akitabasamu, na maneno mia tatu ya kujisifu. Juu ya Mama hapakuwa na neno hata moja.

Yaretzi alilitupa jarida chini akalikanyaga. "Huyu mzee ni mwizi! Mwizi kabisa!"

"Liokote," Mama alisema. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa hasira. "Usilichane. Hilo ni ushahidi."

Jumamosi alikwenda maktaba akarudi na kurasa za sheria ya jimbo la California kuhusu vyama vya namna hiyo. Alizisoma mezani, kalamu ya njano mkononi, na kila alipopigia mstari alimsomea binti yake kwa sauti.

"Sikiliza hapa. Kamati haiwezi kumkata mgombea kwa sababu iliyojitungia. Na hapa: mgombea mmoja akipewa jarida, wote wapewe. Ukumbi nao vilevile, na bure. Kura ni ya siri. Anayeisimamia asiwe mjumbe, wala mgombea, wala ndugu yao."

"Mke je?"

"Mke ndiyo kabisa!" Mama aligonga meza. "Na kuhesabu ni mbele za watu, mwanachama yeyote atazame. Miaka tisa, Yaretzi! Miaka tisa tumehesabiwa kura karibu na sufuria, na sisi tumekaa kimya."

Aliandika barua, akataja kila kanuni iliyovunjwa, na mwisho akasema kwamba wasiporekebisha ataipeleka mahakamani. Siku tisa baadaye wakili wa chama alimshauri Bwana Dockery asibishane. Jina la Mama likarudishwa, ukumbi ukafunguliwa, na jarida jipya likatoka na maneno mia tatu ya Mama. Kusimamia uchaguzi akaletwa mtu wa nje, Bi. Noreen Tashjian, karani mstaafu wa mahakama, mwanamke mfupi mwenye miwani minene ambaye hakumjua mtu yeyote pale mtaani.

Bi. Tashjian alituma karatasi za kura kwa posta, siku thelathini kabla ya kuhesabu. Kila karatasi ilikuja na bahasha mbili. Unapiga kura yako, unaiweka katika bahasha ndogo isiyo na jina. Ile ndogo unaitia katika kubwa, ambayo juu yake unaandika jina na anwani na kuweka sahihi. Bahasha kubwa inaonyesha ni nani amepiga kura, lakini aliyechaguliwa hajulikani.

Wakati huo jirani yao Bi. Opal Renfro, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa amelazwa kwenye kituo cha mazoezi ya viungo kwa wagonjwa baada ya kuvunjika nyonga. Alikuwa amemwachia Yaretzi ufunguo ili amwagilie maua na kumwekea barua zake mezani. Siku kura ya Bi. Renfro ilipofika, Yaretzi alikuwa anaitoa kwenye sanduku la barua Bwana Dockery alipopita na mbwa wake.

"Wewe binti wa muuguzi," alisema. "Mwambie mama yako aanze kujizoeza kushindwa. Na yule rafiki yako ajifunze kutazama barabara."

Yaretzi alihisi damu ikimpanda kichwani. Ajifunze kutazama barabara! Mai ambaye bado alikuwa akilia usiku kwa maumivu! Aliingia ndani, akaufunga mlango kwa kishindo, akaifungua barua ile. Akaweka alama kwenye jina la Maricruz Covarrubias. Akachukua kadi ya siku ya kuzaliwa aliyoandikiwa na Bi. Renfro, akaiga sahihi yake polepole juu ya bahasha kubwa, kisha akaenda kuitia posta.

Wiki tatu zikapita. Zikiwa zimebaki siku nne, Mama alikuwa jikoni na orodha ya nyumba, anatafuta majirani ambao hajawatembelea.

"Bi. Renfro sijamwona," alisema. "Kesho nitampelekea supu, nimkumbushe kura yake."

"Usijisumbue," Yaretzi alisema, na hata alijivuna kidogo. "Yake nimeshaimaliza. Nimekupigia wewe."

Mama aliweka kalamu chini. "Umefanya nini?"

"Nimeijaza. Nikaweka sahihi kama yake. Hakuna atakayejua, Mama, nimeiga vizuri."

Yaretzi alikuwa amemwona mama yake akiwakasirikia madaktari, madereva na kamati. Hakuwahi kuiona hasira ile ikigeuzwa kwake.

"Umeiba kura ya mgonjwa! Amekupa ufunguo wa nyumba yake kwa kukuamini, wewe unakwenda kumwibia!"

"Lakini wao wameiba miaka tisa!"

"Kwa hiyo sisi tuanze mwaka wa kumi? Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa Bi. Tashjian."

"Mama, hapana! Dockery akisikia, ameshinda! Umefanya kazi yote hii, utaitupa kwa kura moja?"

"Nimesema vaa viatu."

Ndani ya gari Yaretzi alilia kwa hasira, kwanza akimkasirikia Mama, halafu Dockery, na walipofika alikuwa hamjui tena anayemkasirikia.

Bi. Tashjian aliwasikiliza mpaka mwisho. Alimtaka Yaretzi aseme mwenyewe, yote, kisha aandike na kutia sahihi. "Yako mwenyewe, safari hii," aliongeza, bila tabasamu.

Akafungua kabati lenye kufuli, akapekua bahasha moja moja, akaitoa ile yenye jina la Opal Renfro. Ilikuwa bado imefungwa.

"Una bahati haijachanganywa na nyingine," alisema. "Ndiyo maana zikawa bahasha mbili. Ningekuwa nimeshaifungua, kura yako ya uongo isingetoka tena. Hii naiweka kando. Bi. Renfro nitampelekea karatasi mpya mimi mwenyewe. Nanyi msimtajie uchaguzi, hata kwa salamu. Na Jumamosi nitalitangaza jambo hili mbele ya wote."

"Ni haki yako," Mama alisema.

Siku iliyofuata Bi. Tashjian alipeleka karatasi mpya, akaondoka nayo ikiwa imejazwa. Baada ya hapo ndipo Yaretzi alipokwenda kuomba radhi. Bi. Renfro alijiinua kidogo kitandani.

"Nimepiga kura tangu kabla mama yako hajazaliwa," alisema. "Hakuna aliyewahi kunishika mkono. Nilidhani una adabu. Ufunguo wangu uache hapo mezani."

Yaretzi aliuacha.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mai alikuwepo, na magongo yake, pamoja na wazazi wake. Kabla ya kufungua bahasha hata moja, Bi. Tashjian alisimama.

"Bahasha moja imewekwa kando kwa kuwa sahihi yake si ya mwenye kura. Iliandikwa na binti wa mgombea. Mwenye kura amepiga upya."

Ukumbi ukavuma. Bwana Dockery akaruka kutoka kitini. "Si mnaona? Familia ya wezi! Huyu mama aondolewe sasa hivi!"

"Bwana Dockery," alisema Bi. Tashjian, "unajua jambo hili kwa sababu nimelitangaza. Mimi nalijua kwa sababu mama huyu alikuja na mwanawe kuniambia, wakati hakuna aliyekuwa anashuku. Kura ile haitahesabiwa. Kaa."

"Miaka tisa wewe hukutuambia kitu!" baba yake Mai alipaza sauti kutoka nyuma. "Hata jikoni kwako hatujawahi kupaona!"

Watu wakaangua kicheko, na safari hii Dockery ndiye ambaye hakucheka. Akakaa.

Bahasha zilifunguliwa mezani, peupe. Kila karatasi iliinuliwa juu na kusomwa. Yaretzi aliacha kuhesabu zilipofika thelathini. Mwisho Bi. Tashjian akasoma matokeo: Dockery arobaini na nane, Covarrubias hamsini na moja.

Katika mkutano wa kwanza wa kamati mpya, wajumbe watatu dhidi ya wawili walipiga kura geti lifunguliwe. Mnyororo ulikatwa siku hiyohiyo, na Mai akapita wa kwanza, taratibu, kwa magongo yake.

Jioni ile Yaretzi alikuwa anaosha vyombo. Hiyo ilikuwa adhabu yake kwa miezi miwili, na Mama hakuipunguza kwa sababu ya ushindi.

"Mama," alisema, "tumeshinda kwa kura tatu. Hata ile yangu ingebaki, si tungeshinda tu?"

Mama alikunja kitambaa cha meza.

"Hasira yako kwa ajili ya Mai ilikuwa ya haki. Hata mimi bado ninayo. Lakini sheria niliyomshikia Dockery haikuandikwa kwa ajili ya Dockery peke yake. Kura ya Bi. Renfro ni ya Bi. Renfro, hata kama amempa Dockery, na huenda amempa. Tungeshindwa, ningeandika jina langu tena uchaguzi ujao. Ila kama ile bahasha yako ingebaki mle ndani, kila nikikaa kwenye kile kiti ningejiuliza: nimewekwa hapa na majirani zangu, au na binti yangu?"