Mnara Uliosimama Saa Tisa Kasoro Robo

Siti ya dirishani ndani ya basi aliipata kwa kiwiko. Alikuwa mwalimu wa chekechea, amependeza kwa gauni la njano na viatu vya kisigino, daftari limejaa habari za mji mkongwe. Mwezi ujao angetahiniwa ndani ya basi hilihili ili apewe kibali cha kutembeza wageni, na kibali hicho alikitaka kufa na kupona.

"Samahani dada, ule ukuta ni wa nini?" akauliza kijana wa pembeni, shati limenyooshwa hadi likawa na makali.

"Wewe mgeni?"

"Mgeni kabisa."

Ikawa kila Jumamosi: mwalimu anasimulia ngome, lango na kisima, mgeni anashangaa.

"Na ule mnara?"

"Saa yake ilipigwa na radi, ikasimama saa tisa kasoro robo. Miaka ishirini haijagonga."

Mgeni akatazama viatu vyake. Jumamosi ya tatu walishikana mikono kutoka ngomeni hadi sokoni, na mwalimu akajua amependa.

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Za huyu zilikuwa Jumamosi nne.

"Fundi saa!" akaita kondakta. "Duka lako tumelipita, leo hufungui?"

Mwalimu aligeuka polepole. "Mgeni kabisa, eh?"

"Mpenzi, nimezaliwa nyuma ya ngome. Ila unavyosimulia wewe..."

"Kumbe nakuchekesha!"

"Hata kidogo! Ila radi haikuwepo. Baba alipokuwa akiihudumia alisahau spana ndani ya mitambo, akaona haya kusema."

"Ukaniacha niseme radi mara nne? Ningesema hivyo kwenye mtihani?"

Alishuka kituo kisicho chake, akatembea na visigino vyake hadi nyumbani. Miguu ilimuuma, lakini moyo zaidi.

Simu ilipoita mara ya kumi na moja, akapokea ili amseme vizuri.

"Nisamehe, bibie. Nitatengeneza."

"Katengeneze saa, mimi niache!"

"Haya." Akakata. Mwalimu akaudhika kwamba hakubembelezwa zaidi.

Siku ya mtihani, mtahini alikuwa mama wa miwani minene asiyejua kutabasamu.

"Watu husema radi," mwalimu akaeleza mbele ya mnara. "Ukweli ni spana ya fundi mmoja. Miaka ishirini saa hii haijago..."

Ngooo!

Njiwa wakatawanyika, abiria wakaangua kicheko. Mtahini akainua kalamu. "Mwanangu, unasemaje?"

Mwalimu akatazama juu. Kwenye dirisha la mnara kulikuwa na shati lililochafuka grisi, na mkono unaopunga spana yenye kutu. Machozi yakamtoka, na kicheko pia.

"Nasahihisha, mama. Haikugonga mpaka leo saa saba. Aliyeitengeneza ni mtoto wa aliyeisahau spana. Ni mchumba wangu."

"Amekuposa lini?"

"Bado. Nikishuka hapa namwambia alete posa."

Mtahini akaandika muda mrefu. "Kibali umepata. Lakini mwambie mchumba wako, saa saba hugonga mara moja."

Saa ilikuwa imeshagonga mara kumi na saba, na haikuwa na dalili ya kunyamaza. Mwalimu alivua viatu, akashuka mbio.