Benchi la Maswali Matatu

Majirani zangu, sogeeni niwaambie habari ya nyumba ya Kocha. Wengi mmeisikia nusunusu, mkajazia wenyewe. Mimi nitaieleza kama nilivyoiona kwa macho yangu, maana cherehani yangu imekaa kwenye baraza hili miaka ishirini na miwili, na kiwanja alichoanzia Kocha kipo ng'ambo ya barabara, hatua chache tu kutoka hapa.

Enzi zile palikuwa raha, jamani! Saa kumi na mbili asubuhi, kabla magari hayajaanza fujo zake, tulikusanyika nyuma ya bohari ya mbao, watu tisa au kumi: dereva wa lori, mwalimu mkuu mstaafu, wauza viatu wawili, na mimi fundi wa nguo, kiuno kama gunia. Mashine hazikuwepo. Vyuma vyetu vilikuwa bomba la maji lenye kopo la rangi kila upande, na kila kopo limejazwa saruji. Ndiyo maana tukambandika jina Kocha Kopo. Naye alicheka tu. "Chekeni," alisema, "mradi migongo inanyooka."

Palikuwa na benchi pale, benchi kuukuu la shule, mguu mmoja mfupi, limewekewa kipande cha mbao lisiyumbe. Hakuna aliyegusa chuma kabla ya kukaa juu yake. Kocha alichuchumaa mbele yako, akakutazama usoni, akauliza maswali matatu: "Umelala? Umekula? Wapi panauma?" Ukidanganya, alikujua. Siku moja dereva wa lori aliapa kwamba ameshakula, tumbo likanguruma mbele ya watu wote. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kocha hakucheka. Akamwambia, "Kaka, nenda kanywe chai na mkate kwanza, chuma hakikimbii."

Na binti yake sasa! Alikuwa na miaka minne, amevaa kandambili za mama yake zinazomvuka visigino. Baba akimaliza kuuliza, na yeye anapita nyuma yake kukagua, kidole juu, uso mkavu kama wa askari. "Fundi, umekula?" Nikisema ndiyo, hatosheki. "Nini?" Ilibidi nitaje, mpaka idadi ya vipande vya mkate. Nikikumbuka sauti ile mpaka leo natabasamu peke yangu, wateja wananishangaa.

Sitamnyima Kocha haki yake: alijituma. Alisoma kozi ya viungo na misuli, akapata cheti, akakipachika ukutani. Ofisi moja kubwa ikamwita awafundishe wafanyakazi wake, ya pili ikafuata, halafu akapanga ghorofa ya chini ya jengo jipya, akaweka vioo na mashine zinazong'aa. Mkewe aliacha ukarani, akakaa mapokezi. Video zake mtandaoni zikawa na wafuasi wengi kuliko watu wa mtaa huu mzima. Tulijivunia, wallahi. Nilipokuwa nikishona nilimwambia kila mteja, "Yule alianzia hapo, na futi yangu ndiyo aliyokuwa akiazima kupimia watu."

Ila benchi lilibaki kule nyuma ya bohari. Nilimuuliza siku moja kwa nini.

"Dada Fundi, watu arobaini kwa saa moja. Nitamuuliza nani kama amelala?"

"Si ndiyo kazi yenyewe, Kopo?"

Akatazama huku na huku. "Dada, jina hilo tafadhali. Si mbele ya wateja."

Nikaaga.

Basi miongoni mwa video hizo palikuwa na moja ya kila Jumapili, akiwa na binti yake. Ilianza kwa furaha: baba na mtoto wanaruka kamba, wanashindana, wanaanguka kwa kicheko. Kisha likaja wazo la kumpandisha mizani mbele ya kamera, watu waone familia ya kocha inavyoishi. Binti alikuwa na miaka kumi na tano. Wafuasi wakasifu. Mmoja akaandika, "Mtoto wa kocha gani huyu ana mashavu hivi?" Wengine wakaweka vicheko chini yake. Kocha hakuyasoma, alikuwa na mengi ya kusoma. Binti aliyasoma.

Akaniletea sketi ya shule. "Shangazi, nipunguzie kiuno." Nikapunguza, nikamtania kwamba anataka kuwazidi warembo wote darasani. Baada ya mwezi na kidogo akarudi na sketi ileile. Nikapunguza tena. Mara ya tatu nilipompitishia futi, mikono yangu ikakutana mapema mno. Namba sitaitaja, haimfai mtu. Jua lilikuwa kali, naye amevaa sweta.

Fundi anayejua kazi hakati kitambaa anapopunguza nguo ya mtoto. Anakikunja ndani ya mshono, kwa sababu mtoto anakua. Binti alikiona kile kilichokunjwa.

"Hicho cha ndani kikate, Shangazi. Kinaninenepesha."

"Sikati."

"Kata tu. Mimi sirudi kwenye unene huo tena."

Nikaacha kanyagio la cherehani. "Mwanangu, umekula leo?"

Akaangalia barabarani. "Nimekula."

Sikumuuliza nini. Hapo, majirani, najisema mwenyewe kabla hamjanisema. Mara mbili nilikuwa nimeshaona, nikanyamaza. Nilijiambia baba yake ndiye mjuzi wa miili, mimi ni nani? Safari hii nilimaliza mshono, nikafunga cherehani, nikaenda kwa Kocha.

Mama mtu alikuwa mapokezi, simu sikioni na nyingine inalia mezani. "Dada, nipe dakika moja," akasema. Nilisubiri dakika ishirini, nikampita. Nikamkuta Kocha mbele ya vioo akipanga uzinduzi wa jimu ya pili.

"Mtoto wako anakonda," nikamwambia.

"Anajituma. Ana nidhamu kuliko wateja wangu wote."

"Hiyo si nidhamu, hiyo ni njaa!"

Akacheka kidogo, akaniwekea mkono begani. "Dada yangu, tugawane kazi. Nguo zako, miili niachie mimi."

Nilirudi barazani nimefura kwa hasira. Jioni ile nilivunja sindano mbili.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi asubuhi. Maputo, wageni, kamera, na muziki wa kutikisa kifua. Binti, amevalishwa sketi yake ya shule wageni waone ni mwanafunzi, aliwekwa mbele kuongoza kuruka kamba, baba ameshika kipaza sauti anahesabu. "Moja zaidi! Moja zaidi!" Watu wakipiga makofi. Nilimwona midomo inageuka rangi, nikaanza kusukuma watu nipite. Kabla sijafika akaanguka. Na Kocha, kwa mazoea ya kazi yake, akaendelea kuhesabu, mbili mbele, kabla hajaelewa. Sauti ya hesabu ile bado inanirudia.

Nikapiga magoti kando ya binti nimlegeze nguo. Ile sketi niliyoipunguza mara tatu ilikuwa imebanwa kwa pini nne kiunoni. Baba akaziona. Akamwinua kumkimbiza kwenye gari, na mtu yule aliyenyanyua vyuma maisha yake yote akasimama ghafla, mtoto mikononi, ananitazama macho yamemtoka.

"Dada, mbona hana uzito?" akaniuliza. "Mbona hana uzito?"

Nikakimbia mbele kumfungulia mlango wa gari.

Hospitalini daktari, mama mmoja mpole, alisema moyo umedhoofika lakini wamewahi. Akauliza, "Nyumbani mnakula pamoja?" Mume na mke wakatazamana. Mama akaanza kukumbuka kwa sauti, jana, juzi, wiki iliyopita, na kila siku aliyoitaja alikuwa mapokezi. Hakukumbuka lini alimwona mwanawe akimeza chakula. Akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Binti alipofungua macho, Kocha alichuchumaa kando ya kitanda. Alichuchumaa vilevile kama zamani, magoti wazi, uso kwa uso.

"Umelala?" akauliza. "Umekula? Wapi panauma?"

Binti akamgeukia. "Hujaniuliza tangu tuhame kule bohari, baba."

"Nakuuliza sasa."

"Sijala. Na panauma kila mahali."

Kocha alilia kwa sauti, bila kujificha. Nilitoka nje nikawaacha.

Msidhani mambo yalinyooka siku ileile. Binti alikaa wodini wiki kadhaa, na baadaye akawa anaonana na mshauri kila wiki. Siku nyingine alisukuma sahani, siku nyingine alisusa watu wote. Mara moja alirudishwa hospitali. Jimu ya pili ilifungwa kabla rangi ya ukuta haijakauka vizuri. Video za Jumapili zilifutwa, na mizani ya nyumbani Kocha aliivunja kwa lile bomba la makopo. Mchana mama anafunga mapokezi, anakwenda nyumbani, wanakula watatu. Na Kocha alikwenda nyuma ya bohari, akamkuta muuza mbao amelikalia benchi letu, akamwomba. Leo lipo mbele ya vioo vyote vile. Wateja wenye haraka walihama. Dereva wa lori alirudi.

Mwezi uliopita binti alikuja barazani na sketi ileile. Akaiweka mezani.

"Shangazi, fumua."

Nikafumua mshono mmoja mmoja. Kitambaa cha ndani kilitokea kimetulia, rangi yake nzito kama siku kilipotoka dukani, pembeni ya kile kilichopauka. Akakipapasa kwa kidole.

"Kumbe hukukata?"

"Nilikwambia sikati."

Akajaribu sketi, ikamkaa. Alipofika barabarani akageuka, kidole juu, uso mkavu kama wa askari. "Na wewe Fundi, umekula?"

Nikasema ndiyo.

"Nini?"

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, kufanikiwa kazini si kosa, na Kocha hakuwa mtu mbaya. Kosa lake ni kuwapa wageni macho yake yote, na mwanawe akampa kamera. Mwili wa mtoto usifanywe tangazo, na kukonda kwake kusisifiwe kabla hajaulizwa anaendeleaje. Nanyi mnaoandika maneno ya kejeli mtandaoni, jueni kuna mtoto anayasoma hata kama baba yake hayasomi. Na sisi majirani, tukiona, tuseme mara ya kwanza. Mimi nilisubiri mara ya tatu, na nusura nichelewe. Leo jioni, kabla ya kulala, mkalishe mwanao mbele yako umuulize kama amekula. Akisema ndiyo, muulize nini.