Sekunde Kumi na Moja za Ziada

Kati ya video kumi na tisa za marehemu mumewe, aliyoipenda zaidi ilikuwa ya dakika nne kamili. Alikuwa ameitazama hadi akajua wapi anakohoa na wapi anacheka. Lakini mchana ule, alipoiingiza kwenye programu mpya, ilisomeka dakika nne na sekunde kumi na moja.

Mjane huyo, mwalimu mstaafu wa chekechea, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kumi na moja vilevile.

Akampigia simu mdogo wake, muuguzi, aliyekuwa akimsaidia kuchagua programu ya kuhariri video. Ya kwanza ilikuwa na vitufe vingi kuliko chumba cha rubani. Kompyuta kuukuu ya nyumbani ikaganda. Ya pili ilibandika chapa yake katikati ya uso wa marehemu. Hii ya tatu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto: kata, unga, hifadhi.

"Hii ya tatu uliitoa wapi?" aliuliza.

"Ya tatu ipi, dada? Mimi nilikutumia mbili tu."

Alitaka kuifunga. Lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza kitufe cha kucheza.

Kwenye kioo cha kompyuta aliona chumba hikihiki, mchana huuhuu, na mgongo wake mwenyewe katika gauni la maua alilovaa asubuhi. Nyuma yake, mbele ya mlango, alisimama mtu mrefu mno, shingo imepinda kwa sababu dari halikumtosha.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Ila harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imejaa chumba kizima.

Alikimbilia mlango, akazungusha kitasa, nacho kikazunguka bila kushika kitu. Akarudi dirishani, akapiga kelele kupitia nondo, jirani yake akiwa palepale anaanika nguo, asigeuze hata shingo. Na kila alipotupia jicho kompyuta alijiona anahangaika huku yule mrefu akimfuata hatua kwa hatua, mkono mmoja ukiwa bado umeubana mlango, mwingine ukirefuka taratibu kuelekea begani mwake, mpaka akahisi ubaridi pale shingo inapoanzia.

"Dada, bado upo?" Sauti ya simu ilikuwa ndogo. "Nakuja."

"Usije peke yako," alinong'ona. "Tafuta mganga."

Muuguzi hakuwahi kuamini majini. Hata hivyo alifika na sare yake ya kazini, na mganga, mama mmoja mnene aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi. Walisukuma mlango kwa mabega, haukutikisika. Mganga akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mama, umekuwa ukimwangalia marehemu kila siku?"

"Kila siku."

"Basi kuna aliyesikia unavyomwita, akaja yeye. Amekaa ndani ya hizo video. Zifute zote."

"Sina nyingine! Simu yake ilishaharibika, ndizo zilizobaki!"

Hapo spika zikakwaruza, na sauti ya mumewe ikatoka, tulivu kama alivyozoea kumwamsha.

"Mke wangu, usiwasikilize. Ukinifuta nimekufa mara ya pili. Kaa hapa na mimi."

Alilia. Alitamani kukaa, huo ndio ukweli. Kisha akaona kwenye kioo mumewe akifumbua mdomo kusema, na nyuma ya meno yake kulikuwa na meno mengine.

"Mume wangu hakuwahi kuniita mke wangu," alisema. "Aliniita Tikisa."

Akachagua video zote, moja hadi kumi na tisa. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Sauti ikabembeleza, ikatukana, ikalia kama mtoto. Akabonyeza ndiyo.

Mlango ulifunguka kwa kishindo, muuguzi akaangukia ndani. Harufu ikakatika. Mganga alichomoa nyaya, akaibeba kompyuta kwenda nayo, asiseme anaipeleka wapi.

Jioni mdogo wake alimpa chai, akamfunika shuka miguuni.

"Imekwisha, dada."

"Imekwisha," alijibu.

Alifumba macho, akajaribu kukumbuka mumewe alivyokuwa akicheka. Uso ulimjia vizuri, mashavu, mwanya, kila kitu. Mdomo ukafunguka, na kicheko kilichotoka hakikuwa cha mumewe.