Simu ya Bi Hobart

Februari kwetu Pruett huwachosha hata wenye nguvu. Theluji inageuka tope, mashamba ya mahindi yamelala, na mwaka ule hata timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Ellery, furaha yetu pekee, ilikuwa ikifungwa mpaka tukazoea. Hata hivyo kila Jumamosi tulivaa kofia zetu za kijani tukaenda ukumbini. Mtu atakwenda wapi kwingine, Indiana, wakati wa baridi?

Nyumbani kwa akina Hostetler Jumamosi ilikuwa na utaratibu wake. Bi Marlene, mama wa nyumba, alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, akavua viatu mlangoni na kusema, "Asiniongeleshe mtu mpaka ninywe kahawa." Junia, bintiye wa miaka kumi na miwili, alimmiminia kahawa, akaosha vyombo, akapasha moto supu ya kuku. Baba alikuwa safarini na lori lake. Kaka mkubwa, Corwin, aliishi bwenini pale chuoni, na ndiye aliyekuwa mfungaji mkuu wa timu yetu.

Mchana mama na binti walikuwa ukumbini pamoja na mji mzima. Junia alipiga kelele, "Corwin! Corwin!" mpaka sauti ikamkauka. Mwishoni kabisa Ellery ilikuwa nyuma kwa pointi moja, na Corwin akachezewa rafu. Akapewa mitupo miwili ya bure. Wa kwanza uligonga chuma cha kikapu. Wa pili nao ukagonga chuma. Mchezo ukaisha, tukachukua makoti yetu tukaondoka bila kusemezana.

Lakini kwetu mchezo hauishi uwanjani. Huishia redioni, katika Kipindi cha Mashabiki cha Bwana Wendell, ambapo kila mwenye simu ni kocha. Jioni ile Bi Marlene alipitiwa na usingizi kwenye kochi, na koti lake mwilini. Junia alikuwa jikoni akichemsha viazi, redio ikiwa karibu na sikio.

"Wendell, huyo mtoto wa Hostetler mikono yake imepakwa siagi!" alisema shabiki aitwaye Cletus. "Bibi yangu angeitia ile mipira, na bibi yangu ni marehemu!"

"Mwone vile!" Bi Nadine alipiga simu kumjibu. "Kijana kafunga pointi kumi na nane. Bila yeye si tungekuwa tumezikwa tangu mapumziko?"

Cletus hakukubali, akapiga tena. "Kumi na nane za nini, mama, ikiwa mbili tulizozihitaji hazimo? Chakula kingi, chumvi hakuna!"

Wakaja wengine, na wengi walikuwa upande wa Cletus. Mmoja alisema Corwin ni mwoga. Mwingine alisema anavuma kwa jina tu. Moyo wa Junia ulichemka kuliko viazi vyake. Alichukua simu ya mama mezani, akabonyeza namba ambayo kila mtu Pruett anaijua kwa moyo.

"Haloo, uko hewani! Nani mwenzetu?"

Junia alifungua mdomo, ikatoka ile sauti iliyokauka, na yeye mwenyewe akashtuka. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee.

"Mimi... Bi Hobart. Wa Barabara ya Kinu."

"Karibu, mama. Naona kifua kimekubana."

"Baridi, baba. Nasema hivi, mnamwonea Corwin bure. Mbona hamumsemi Demarius Whitlow? Kafunga ngapi yule? Nne! Na mnajua kwa nini? Jana alikuwa disko ng'ambo ya mto mpaka kukacha. Nilimwona kwa macho yangu, na chupa mkononi."

"Ebo! Una hakika, mama?"

"Kwa uzee huu niseme uongo?"

Akakata simu. Dawa ilifanya kazi. Mashabiki walikuwa wametupiwa mfupa mpya. "Si nilisema!" alipiga kelele Cletus. "Nilimwona miguu mizito kama magogo!" Jina la Corwin halikutajwa tena jioni ile, na Junia akala viazi vyake kwa amani.

Jumapili, baada ya ibada, tulikunywa kahawa katika chumba cha chini cha kanisa kama kawaida yetu. Kufikia hapo ile chupa moja ilikuwa kreti nzima, na disko lilikuwa limeingiliwa na polisi. "Lisemwalo lipo," mtu alisema, na sote tukatikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza Bi Hobart ni nani. Jamani, Pruett tunajuana mpaka majina ya mbwa, na Barabara ya Kinu haina Hobart hata mmoja! Lakini Demarius alikuwa kijana wa kuja, ametoka Gary, mbali kaskazini, na mji wetu ni mwepesi kuamini baya la mgeni. Nasema hivyo nami ni wa hapa hapa.

Jumatatu baada ya shule Corwin alikuja nyumbani na mfuko wa nguo chafu, kama afanyavyo kila wiki. Alizitia kwenye mashine, akaketi mezani, akakitazama chakula bila kukigusa.

"Kula, mwanangu," alisema mama. "Hicho chakula hakikukosa mtupo wowote."

Corwin hakucheka. "Mama, Demarius anaondoka."

"Anaondoka wapi?"

"Chuoni. Kocha amemweka benchi mpaka ajue ukweli, lakini hilo angelivumilia. Tatizo ni mama yake. Kazi haimpi nafasi ya kuja kumwona akicheza, kwa hiyo kila Jumamosi anasikiliza kile kipindi kwenye simu yake kule Gary. Alimsikia yule bibi kwa masikio yake. Amemwambia Demarius, kama nilikutuma shule ukaenda disko, funga mizigo urudi, kuna kazi huku ghalani. Ijumaa hii ndiyo safari."

"Na kweli alikwenda huko disko?"

"Wapi! Si tunalala chumba kimoja? Alikuwa anasoma kemia mpaka nikamwomba azime taa. Nimemwambia kocha, nimemwambia na mama yake. Wote wananijibu, wewe ni rafiki yake, utasema nini kingine?" Corwin alijikuna kichwa. "Watu wanahesabu pointi zangu kumi na nane. Lile jitu la timu pinzani lingenifuta uwanjani. Demarius ndiye aliyelizuia kwa mbavu zake ili nipate nafasi ya kurusha. Jumamosi usiku hakuweza kulala ubavu wa kulia."

Sahani aliyoishika Junia iligonga sinki. "Bi Hobart ni mimi," alisema.

Corwin alianza kutabasamu, akidhani ni utani. Alipouona uso wa mdogo wake, tabasamu likamwisha.

"Wewe? Kwa nini?"

"Walikuwa wanakutukana! Wamekuita mwoga!"

"Nilikosa mitupo miwili, Junia! Nilikosa mimi. Ile lawama ilikuwa yangu, ningeibeba. Nani alikutuma umtwike mwenzangu?"

Junia aliangua kilio. Alitazamia mama angefoka, na pengine kufokewa kungekuwa nafuu. Bi Marlene hakufoka. Aliinuka taratibu na kuvaa tena vile viatu alivyokuwa amevivua.

"Vaa koti."

"Tunaenda wapi, mama?"

"Unapajua."

"Lakini una zamu..."

"Nitawapigia niwaambie nachelewa. Vaa koti, Junia. Nimechoka, usinifanye niseme mara ya tatu."

Corwin aliwaongoza mpaka bwenini; mlango wa chumba chao ulikuwa wazi. Demarius, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa anakunja mashati. Sanduku lilikuwa kitandani, limejaa nusu. Junia alisema maneno yake yote akiwa amesimama mlangoni, bila kuvuta pumzi, kwa kuogopa kwamba akinyamaza hatayamalizia.

Demarius aliketi kitandani. "Mimi hata sikujui," alisema. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu."

"Tangu Jumamosi nawaambia watu sikwenda, sikwenda, sikwenda. Sina hata hasira tena, mdogo wangu. Nimechoka tu." Alichukua simu yake, akabonyeza, akamnyooshea. "Mama huyo. Ongea naye wewe. Mimi yameniisha."

Junia alimtazama mama yake, akitumaini atamsaidia. Bi Marlene alitazama dirishani.

"Sema," ilitoka sauti ya mwanamke simuni, sauti ya mtu aliyetoka kazini sasa hivi.

Junia alisema. Alisema yeye ni nani, alisema hakuna Bi Hobart, alisema hajawahi kuliona hilo disko tangu azaliwe.

"Una miaka mingapi?" aliuliza Bi Renita Whitlow.

"Kumi na miwili, mama."

"Mungu wangu. Kumi na miwili." Alipumua kwa nguvu. "Tangu juzi sijalala. Nimemwambia mwanangu maneno ambayo mama hamwambii mwanawe. Unaelewa? Nimemwita mwongo, na yeye alikuwa anasema kweli."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza. Niambie jambo moja. Wewe ulikuwepo ukumbini, mimi sikuwepo. Mwanangu alichezaje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: alicheza vizuri sana. Ni jibu ambalo mama yeyote angelipenda, na Corwin alikuwa amekwisha kulisema mezani. Lakini Junia alipojaribu kumkumbuka Demarius uwanjani, hakuona kitu.

"Sijui," alisema, na machozi yakamtoka upya. "Sikumwangalia. Nilikuwa namwangalia kaka yangu tu."



"Sasa hilo ni la kweli," alisema Bi Renita. "Sikiliza, mtoto. Samahani yako nimeipokea, lakini mtu uliyemchafua hasafishwi na samahani peke yake. Utamwambia kocha. Utawaambia hao wa redio, kwa jina lako. Na Jumamosi utakaa humo ukumbini, umwangalie mwanangu tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu unipigie uniambie alichofanya. Mimi kile kipindi nimekizima, sitakifungua tena."

"Kwa hiyo haondoki?"

"Mpe simu mwanangu."

Wakatoka, wakamwacha Demarius na mama yake. Wakiwa kwenye korido ya bweni walimsikia akisema, "Ndiyo, mama," kisha kimya, kisha, "Hapana, mama, usilie." Bi Marlene aliegemea ukuta na kufumba macho. Baadaye mlango ulifunguliwa, Demarius akatoa kichwa. "Corwin," alisema, "njoo unisaidie kutoa mashati sandukuni."

Kesho yake Junia alikwenda kwa kocha na mama yake, na Jumamosi Demarius akaanza mchezo. Msidhani ni kazi rahisi kumwangalia mtu asiye na mpira. Mpira huvuta macho. Corwin alipofunga, watu wote waliruka, na shingo ya Junia ilitaka kugeuka yenyewe. Aliizuia. Akaona mambo ambayo hajawahi kuyaona, ingawa tangu utotoni hakuwahi kukosa mchezo.

Tukafungwa tena. Jioni, Junia alipiga simu redioni, akataja jina lake kamili na la mama yake, akakiri uongo wake wote. Cletus akapiga simu papo hapo. "Watoto wa siku hizi hawana adabu!"

"Cletus, hebu nyamaza!" Bi Nadine alidakia baada yake. "Wewe mtu mzima si ndiye uliyeona miguu ya magogo? Mtoto amekiri. Wewe je?"

Cletus hakupiga tena. Nami niliyetikisa kichwa kanisani nilizima redio yangu, nikaketi jikoni nikiona aibu.

Junia naye alizima yao. Mama alikuwa mezani na kahawa, akijiandaa kwa zamu. Junia akaipiga ile namba ya Gary.

"Alifunga ngapi?" aliuliza Bi Renita.

"Sita, mama."

"Eh. Na nini kingine?"

"Alisimama mbele ya yule mkubwa wao mchezo mzima. Alianguka sana. Lakini kila akianguka, mwenzake mmoja alibaki wazi na kupata nafasi. Wale wadogo hawajui pa kusimama, yeye anawaonyesha kwa kidole. Kocha alipompumzisha, wapinzani walifunga mfululizo, ikabidi arudishwe haraka. Na... anachechemea kidogo, mguu wa kushoto. Anaficha, lakini nilimwona."

"Hilo hakuniambia," alisema Bi Renita, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nitamwambia leo hii aende kwa daktari. Unaona, mwanangu? Lile ulilolisema bila kumwangalia lilitaka kumrudisha nyumbani. Hili ulilolisema baada ya kumwangalia litamponya mguu. Mdomo ni ule ule. Kabla hujamsema mtu, mwangalie kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Leo niko na nafasi, nimevua na viatu. Nisimulie tena tangu mwanzo, polepole, usiruke kitu."

Junia alivuta kiti karibu na mama yake, akaketi, akaanza.